Antena Juu ya Paa la Bati

Paa la bati ni kitu ambacho wengi wetu hukifikiria mara mbili tu: siku ya kuezeka, kwa sababu ya bei yake, na siku linapoanza kuvuja. Baina ya siku hizo mbili hukaa juu ya vichwa vyetu nasi hatuna habari nalo. La kwangu nimelifikiria kwa muda wa miezi mitatu mfululizo, bati moja baada ya jingine, na jirani zangu hapa Njombe wameliona jambo hilo kuwa ni dalili ya uzee. Nilikuwa nimesimamisha juu yake mlingoti wa antena, nikataka kujua kama mlingoti na paa vinasikilizana.

Kwa msomaji asiyeifahamu, redio ya ridhaa ni mazungumzo ya hewani baina ya watu wa kawaida wenye leseni, ambao hawafanyi biashara wala hawatangazi kitu, ila hujifunza, hutengeneza mitambo yao, na kuzungumza. Hapa kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na kila mwenye leseni hupewa jina la hewani linaloanza na 5H. Mimi niliipata baada ya kustaafu, ingawa ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Niliambukizwa chuoni, nilipokuwa nikisomea ualimu wa hisabati na fizikia, na aliyekuwa akilala kitanda cha pili kutoka changu aliambukizwa siku ile ile, mkufunzi wetu alipotengeneza redio kwa waya, kioo cha jiwe na kisikizio, bila betri, ikasema. Rafiki yangu huyo ni mtu wa Unguja. Nilipokuwa kijijini mwaka 1973 nikiongoza kikundi cha kusikiliza vipindi vya Mtu ni Afya, ile kampeni ya redio iliyofundisha watu wazima kuchimba vyoo na kuchemsha maji, yeye alikuwa anafunga mizigo kwenda Oman kwa jamaa zake, kama walivyofanya wengi wa watu wake miaka ile. Akafundisha huko mpaka naye akastaafu.

Oman ni nchi iliyoiheshimu redio ya ridhaa. Chama chao kilianzishwa mwaka 1972, na Sultani Qaboos mwenyewe, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa na leseni na jina la hewani, A41AA. Basi sahibu yangu hakupata taabu ya kueleza kwa nini mtu mzima anazungumza na kisanduku. Mimi naieleza kila wiki. Binti yangu ameniuliza mara nyingi, "Baba, si umpigie tu simu?" Simu ninayo, naye anayo. Lakini kwenye simu tunaulizana habari, tunajibizana kuwa ni njema, kisha tunaagana. Hewani tunakaa saa nzima. Mtu akisema unamngoja amalize, kwa kuwa wawili hawawezi kusema pamoja, na hapo katikati unasikia ukimya wa kilomita zaidi ya 4,000. Sijapata namna nzuri zaidi ya kuieleza tofauti hiyo, na binti yangu hajaridhika.

Mazungumzo yetu ya Jumamosi yamekuwa, kwa sehemu kubwa, mazungumzo ya majina. Darasa letu lilikuwa la vijana 38. Tukikutana hewani huambiana nani ameonekana, nani anaumwa, nani ametangulia. Sasa, masikio ya mwenzangu yamepungua nguvu, na redio yangu wakati huo ilikuwa na mivumo na mikwaruzo, hasa jua linapopanda. Jumamosi moja nilimpa habari ya msiba wa mwenzetu mmoja. Katika darasa letu walikuwamo wawili ambao majina yao yanapishana kwa silabi moja tu. Nilirudia jina mara tatu. Yeye akarudia alilolisikia, nami katika makelele yale nikasikia nilichotarajia kusikia. Akaomboleza wiki nzima, akamsomea dua mtu aliye hai, tena akamwandikia mtoto wa mtu huyo salamu za rambirambi. Mtoto akazipokea akiwa ameketi na baba yake wakinywa chai.

Tulicheka baadaye, lakini si sana. Yule aliyekufa kweli alikuwa ndiye aliyemkopesha sahibu yangu nauli ya kurudi kwao siku mama yake alipofariki, nasi tulikuwa na miaka 20. Alistahili kuombolezwa kwa jina lake, na kwa wiki nzima hakuombolezwa huko Maskati. Hapo ndipo nilipoamua kuwa antena ile lazima ishughulikiwe mpaka iishe.

Hesabu ya mlingoti si ngumu. Kijana wa kidato cha pili anaiweza. Wimbi la redio huenda mita milioni 300 kwa sekunde. Ukilisikiliza katika megahezi 14.2, ambapo sisi hukutana, urefu wa wimbi moja ni mita 21 na ushei. Robo yake ni mita 5.28. Bomba halisi, lenye unene na ncha, hutaka kupunguzwa kama asilimia 5 ya hapo, basi unabaki na mita 5. Robo ya wimbi ikisimama wima hurusha sauti chini chini, karibu na upeo wa macho, ndiyo maana inafaa kwa mbali. Watu wa Iringa, walio karibu, hawanisikii kabisa; sauti yangu hupita juu yao ikashuke Arabuni. Nathubutu kusema kuna wahubiri wa namna hiyo.

Lakini jambo ambalo watu husahau ni kwamba mlingoti wa robo wimbi ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni kile kilicho chini yake. Umeme unaopanda mlingotini unahitaji kitu cha kukanyagia. Mtu anayeruka kutoka sakafuni huruka juu; anayeruka kutoka mtumbwini huusukuma mtumbwi nyuma na yeye mwenyewe akaangukia majini. Walio na viwanja hutandaza nyaya nyingi ardhini kama mionzi ya jua la mchoro wa mtoto. Mwenye nyumba ya bati ana bahati: amekwisha kuezeka sakafu ya kurukia, mita 12 kwa 8. Ndivyo inavyoonekana ukiwa chini.

Nilikuwa na msaidizi, kijana fundi umeme ambaye baba yake alisoma kwangu darasa la sita. Ana mikono mizuri na haogopi kimo. Tulitumia mabomba mawili ya alumini, jembamba likiingia ndani ya nene, tukayabana kwa kibanio cha bomba la maji ili urefu ubadilike bila kukata. Chini tuliyakalisha juu ya plastiki nene yasiguse paa. Waya wa kati wa kebo ukaenda mlingotini, na ule wa nje, ulio kama wavu, ukafungwa kwenye bati kwa skurubu. Kamba tatu za nailoni zikashika mlingoti dhidi ya upepo.

Tulianza na mita 5.25, kwa makusudi, maana kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Mita yetu ya kupimia hulinganisha nguvu inayokwenda kwenye antena na inayorudishwa. Ikisoma 1, hakuna kinachorudi. Ikisoma 3, robo ya nguvu imekataliwa. Tulikuta antena imetulia kwenye megahezi 13.6, yaani ni ndefu mno. Gawanya 13.6 kwa 14.2, zidisha kwa 5.25: mita 5.03. Tukasukuma bomba ndani sentimita 22, tukapima tena penye 14.2. Mshale ukalala kwenye 1.1. Kijana akapiga kelele kutoka juu ya ngazi, "Mwalimu, imekubali!"

Imekubali mno, nikawaza. Nimekagua madaftari ya wanafunzi kwa miaka mingi, na daftari lisilo na kosa hata moja hulifungua mara ya pili. Robo ya wimbi iliyosimama juu ya sakafu njema kabisa ina ukinzani wa ohm 36 hivi. Juu ya paa lenye mteremko hupanda kidogo. Kebo zetu ni za ohm 50. Basi antena hii ikiwa na afya inatakiwa isome 1.2, 1.3, hata 1.4. Ikisoma karibu na 1 kamili, lazima uulize hizo ohm nyingine zimetoka wapi, na zinafanya nini na wati zako.

Nikamwambia kijana ashike kebo kwa mkono, pale inapopita dirishani, naye akashika. Mshale ukaruka hadi 1.6. Akaachia, ukarudi. "Labda mwili wangu una umeme, Mwalimu," akasema, kwa unyenyekevu wa kweli. Nikamwambia mwili wake hauna neno. Kebo iliyo nzima haijali nani ameishika, kwa kuwa kazi yake yote imo ndani yake. Ikijali, maana yake umeme unatembea juu ya ngozi yake, nje, mahali usipotakiwa. Na ukitembea huko ni kwa sababu huko juu umekosa pa kukanyaga, ukaifanya kebo kuwa sakafu, ukashuka nayo mpaka chumbani mwangu.

Tukapanda na kipima ukinzani, tukakwangua rangi kidogo kwenye kila bati, tukapima baina ya bati na jirani yake. Baadhi yalikuwa yameshikana vizuri. Mengi hayakushikana kabisa: yamelaliana kwa kichwa na mgongo, lakini kati yao kuna rangi, vumbi na kutu ya miaka 18. Pengine msumari mmoja ndio uliokuwa daraja. La ajabu zaidi, maungio yaliyokuwa yakisoma vizuri saa moja asubuhi, katika baridi yetu hii ya Njombe, saa sita mchana yalikuwa yamekatika. Kila anayelala chini ya bati anaujua ule mlio wa tak, tak jua linapolichoma. Ni bati linarefuka na kusogea. Kila lilipolia hivyo, mkwaruzo mmoja ulipita katika redio yangu. Basi sakafu yangu ya mita 12 kwa 8, kwa upande wa umeme, ilikuwa bati moja na majirani wasiosalimiana, tena wanaosalimiana asubuhi na kununiana mchana.

Hapo makelele yote yakapata maelezo. Njia inayotoa umeme ndiyo inayouingiza. Kebo iliyogeuka kuwa antena ilikuwa imepita sebuleni, kando ya taa za LED, chaja za simu na king'amuzi cha televisheni, ikikusanya uchafu wa vyote hivyo na kuupeleka sikioni mwangu kama habari kutoka Maskati.

Nataka nikae kidogo kwenye ule mshale wa 1.1, maana umenishughulisha kuliko yote. Kuna kifaa ambacho kila mwenye redio anapaswa kuwa nacho: ukinzani mtupu wa ohm 50, ndani ya kopo. Ukiuunganisha badala ya antena, mita husoma 1 kamili, safi, asubuhi na mchana. Hakuna kinachorudi, wala hakuna kinachotoka, kila wati inageuka joto ndani ya kopo. Nimewahi kufundisha darasa la namna hiyo. Unauliza, "Mmeelewa?" Wanajibu kwa sauti moja, "Ndiyo, Mwalimu!" Mkaguzi aliyeketi nyuma anaandika kuwa somo limepokewa. Na kwa hakika limepokewa, halikurudi hata neno moja. Darasa zuri lina kurudisha kidogo. Kuna yule mtoto wa dirishani atakayesema, "Mwalimu, lakini…"

Kazi ya kuyaunganisha mabati ilichukua siku sita. Kila ungio tulilikwangua rangi kwa msasa, tukaweka kipande cha alumini kama kidole, na skurubu mbili zenye washa za mpira, mahali pawili: karibu na kofia ya paa na karibu na mchirizi. Kijana alitaka tutumie vipande vya waya wa shaba, kwa kuwa shaba hupitisha umeme vizuri. Nilimkatalia. Shaba na zinki zikikutana penye maji ya mvua, zinki huliwa, kisha chuma kilicho chini yake hushika kutu, na baada ya miaka michache una matundu. Pale chini ya mlingoti tulisambaza vipande vipana vinne kwenda pande nne, badala ya ile skurubu moja. Kisha kebo tukaizungusha mara 8 juu ya kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, mahali inapoacha mlingoti. Mizunguko hiyo huuzuia umeme wa ngozi usishuke, na ule wa ndani hauna habari nayo.

Mke wangu alisimama uani siku zote sita. "Mzee," aliniambia siku ya pili, "hilo paa tulilipa kwa mkopo wa ushirika, nami bado nakumbuka kila awamu." Nilimwonyesha washa za mpira. Akazishika, akazikunja, akasema atazingoja mvua za Desemba ndipo atoe maoni. Mvua zilikuja. Palivuja mahali pamoja, jikoni, kwenye msumari wa zamani ambao hatukuugusa. Maoni yake bado hajayatoa.

Radi hapa kwetu si hadithi. Kwa hiyo paa zima, sasa likiwa kitu kimoja, tumelishusha ardhini kwa waya mnene na fito zilizopigiliwa, na kebo huchomolewa redioni na kutolewa nje kila nisipokuwapo mezani, wingu liwepo lisiwepo. Fito tumezizika zisionekane, maana fito ya shaba inayoonekana hailali mahali pake siku mbili.

Baada ya yote hayo tukapima. Ilitubidi kurefusha bomba sentimita 4, kwani sakafu mpya ilikuwa imebadilisha hesabu. Mshale ukatulia kwenye 1.3 ukagoma kushuka. Kijana akanitazama kwa masikitiko. "Mwalimu, tumeiharibu. Mwanzo ilikuwa 1.1."

"Shika kebo," nikamwambia.

Akashika. Mshale haukutikisika. Akashika kwa mikono miwili. Akaipapasa kutoka dirishani mpaka mezani kama mtu anayemkagua ng'ombe wa mahari, na mshale umelala pale pale. Nikawasha redio. Mvumo uliokuwa ukifika namba 6 kwenye kipimo cha sauti sasa ulisimama namba 3, na kila namba hapo ni hatua kubwa. Nikamwomba mke wangu awashe taa zote na televisheni. Tofauti ilikuwepo, lakini ilitaka mtu aitafute. Kwa upande wa kutuma, nisiwadanganye wasomaji: hata kama tulikuwa tukipoteza wati 20 katika kila 100 ndani ya kutu, sikio la mtu wa mbali halitambui upungufu huo. Faida ilikuwa katika kusikia.

Jumamosi iliyofuata niliita kabla ya saa sita mchana, saa yetu mbaya, bati likianza kulia. Sahibu yangu aliitika kwa mara ya kwanza niliyoita. Nyuma yake nilisikia adhana. Huko kwao saa iko mbele yetu kwa saa moja, ilikuwa adhuhuri yao. Nayo ilikuwa inapita dirishani kwake miaka yote hii bila mimi kujua. "Leo unasema kama uko barazani," aliniambia. Nikamwambia sijabadilika, ila namsikia. Akaniomba tumalize jambo moja. Alikuwa na karatasi mbele yake, majina yote 38, kwa mpangilio wa vitanda vya bweni. Alitaka tuyapitie, jina moja moja, yeye alitaje, nami nirudie na kusema yuko au hayuko, na kama sijui niseme sijui.

Tulichukua dakika 50. Kwa masikio yake ilinibidi nisome kila jina kwa herufi, tena pole pole, lakini hakuna hata moja nililomwomba yeye alirudie. Tulipofika kwa wale wawili wenye majina ya kupishana silabi, alisimama kidogo. Alilitaja la kwanza, nikasema hayuko. Akalitaja la pili, nikasema yuko, ana ng'ombe watatu wa maziwa, na magoti yanamsumbua. "Alhamdulillahi," akasema, "mwambie dua zangu azitunze, zitamfaa." Tukaendelea na kitanda kilichofuata. Walio hai, kwa hesabu yetu, ni 11, na wanne hatujui. Kazi ya wanne hao tumegawana, wawili kila mmoja, na wa kwangu mmoja mara ya mwisho alionekana Songea, mwaka 1998, akiuza vitabu.